Fundi wa Vioo Aliyeliacha Tanuru

Tarehe 11 Oktoba 1491 alifariki huko Bologna, Italia, Bruda Yakobo wa Ulm, ambaye mafundi wa vioo vya rangi humheshimu kama msimamizi wao.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, mwaka 1407. Katika ujana wake alikwenda kuhiji Roma, kisha akawa askari. Lakini maovu ya wenzake yalimchukiza, akauacha uaskari. Mwaka 1441 aliingia Shirika la Wadominiko, akawa bruda, akatengeneza madirisha ya makanisa.

Kazi hiyo yataka subira. Fundi huchora picha, hukata vioo kwa kuifuata, huchora nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi nyeusi, kisha huvitia tanuruni hata rangi ishikamane na kioo. Mwisho huviunga kwa risasi. Moto ukizidi, vioo huharibika. Ukipungua, rangi haishiki.

Yasimuliwa kwamba siku moja, vioo vikiwa motoni, mkuu wake alimtuma mjini kuomba sadaka. Yakobo alijua kwamba jasho la siku nyingi laweza kupotea. Hata hivyo aliondoka mara, pasipo neno. Aliporudi alivikuta vizima, tena vizuri ajabu.

Papa Leo XII alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1825.

Basi sisi wazazi, tumpelekapo kijana kwa seremala au mwashi, tumwombee mikono hodari. Tumwombee pia moyo ulio tayari kuiacha hata kazi aipendayo, Mungu amwitapo.