Dieudonné Saive: Mbelgiji aliyebuni bunduki ya FAL iliyotumiwa na pande zote mbili Katanga

Mwezi wa Septemba 1961, askari zaidi ya 150 wa Ireland, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Waliowazingira ni jandarma wa Katanga wakisaidiwa na mamluki wazungu. Mapigano yalidumu siku tano, hadi Wairelandi walipoishiwa maji na risasi wakajisalimisha.

Katika pande zote mbili kulikuwa na bunduki ya aina moja: FAL, iliyobuniwa katika kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, nchini Ubelgiji. Aliyeichora ni Dieudonné Saive. Mafundi wa silaha duniani wanamjua sana. Katika Lualaba na Haut-Katanga, bunduki yake inajulikana kuliko jina lake.

Mrithi wa Browning

Saive alizaliwa mwaka 1888 huko Wandre, ng'ambo tu ya mto Meuse kutoka Herstal. Alikua katika eneo ambalo familia nyingi ziliishi kwa kazi ya kutengeneza bunduki, naye akaingia kazi hiyo akiwa kijana.

Katika kiwanda cha FN alifanya kazi karibu na Mmarekani John Browning, mbunifu mashuhuri wa silaha wakati huo. Browning alifariki ghafla kiwandani humo mwezi Novemba 1926. Saive ndiye aliyeendeleza michoro yake ya bastola, ikatoka mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13.

Magazini hiyo ilikuwa wazo la Saive mwenyewe. Risasi zilipangwa safu mbili zikipishana, lakini juu zinatoka moja moja. Kuingiza risasi nyingi ndani ya kisanduku kidogo si kazi ngumu. Kazi ni kuzifanya zipande bila kusongamana, na hilo lilimshughulisha maisha yake yote.

Tatizo la risasi ya pili

Risasi ya kwanza ya bunduki ya nusu-otomatiki inaingizwa na mkono wa askari. Ya pili inaingizwa na bunduki yenyewe. Katika mfumo wa Saive, sehemu ya moshi wa baruti hupita kwenye tundu juu ya mtutu, inasukuma pistoni, pistoni inarudisha komeo nyuma. Komeo linatoa ganda tupu, kisha springi inalirudisha mbele likiwa limebeba risasi mpya.

Moshi ukiwa haba, kwa sababu ya uchafu au kutu, komeo halifiki nyuma kabisa. Ganda linabaki limebanwa mlangoni, au linatoka lakini komeo linarudi bila kuikuta risasi inayofuata. Moshi ukizidi, komeo linakwenda kwa nguvu kupita kiasi, linararua ukingo wa ganda na kuvunja vyuma. Pia kuna kosa lisilohusu moshi: midomo ya magazini ikipinda au springi yake ikilegea, risasi inainamisha kichwa na kugonga chuma badala ya kuingia. Ukibadilisha magazini na kukwama kukaisha, mgonjwa amejulikana.

Saive aliiwekea bunduki kirekebishaji cha moshi ambacho askari anakizungusha mwenyewe. Anaweka risasi moja tu, anafyatua, anaangalia kama komeo limefika nyuma na kukaa. Likishindwa, anaongeza moshi kidogo na kujaribu tena. Hakuhitaji karakana.

Hata hivyo FAL haikuwa bila dosari. Waisraeli waliona mchanga wa jangwani ukiisumbua, na Waingereza wakachonga mifereji kwenye komeo ili mchanga upate pa kwenda.

Kutoka Enfield hadi Kongo

Saive alianza kuchora bunduki yake ya nusu-otomatiki katika miaka ya 1930, lakini Wajerumani waliivamia Ubelgiji mwezi Mei 1940. Mwaka 1941 alifika Uingereza na kuendelea na kazi huko Enfield. Baada ya vita alirudi Liège, na bunduki yake ikatoka mwaka 1949, ikiwa na magazini ya risasi kumi. Misri, Venezuela na Luxembourg zilinunua. Kongo ya Wabelgiji nayo ilinunua kwa ajili ya Force Publique. Ndivyo kazi ya Saive ilivyofika hapa kabla ya uhuru.

FAL ilifuata mapema miaka ya 1950. Saive aliitengeneza pamoja na Ernest Vervier. Ilikuwa na magazini ya risasi 20, na nchi zaidi ya 90 ziliichukua.

Watu wa Katanga wana sehemu nyingine katika hesabu hii. Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo karibu asilimia 70 ni shaba nyekundu na iliyobaki ni zinki. Kwa miaka mingi shaba ya Kolwezi na zinki ya Kipushi zilisafirishwa Ulaya kwa matumizi ya kila namna.

Baada ya kifo chake

Katanga iliyojitenga ilishindwa mwezi Januari 1963, na Kolwezi ndio mji wa mwisho ambao majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia. Baadhi ya jandarma walikimbilia Angola. Saive alifariki mwaka 1970.

Mwezi Mei 1978, wapiganaji wa FLNC, wakiwemo waliokuwa jandarma hao, walivuka mpaka na kuiteka Kolwezi. Jeshi la Zaire lililowakabili lilikuwa bado linabeba FAL. Mamia ya watu waliuawa, Wazaire na Wazungu, kabla na baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushuka tarehe 19 Mei. Saive alikuwa amekufa karibu miaka minane, na bunduki aliyohangaika isikwame ilikuwa bado inafanya kazi.