Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Suala la Dini na Elimu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Pumwani, kijana mmoja wa sekondari aliuliza suali lililowanyamazisha jamaa wote. Alisema kuwa skuli hufundishwa khabari za nyota na za asili ya viumbe, na nyumbani ami yake humwambia kuwa masomo hayo yatamla imani yake kidogo kidogo mpaka asibakiwe na kitu. Basi akataka kujua: aiache skuli ili aishike dini, au la? Sikumjibu kwa hoja. Nilimsimulia maisha ya mtu mmoja, na jamaa wakanitaka niyaandike hapa ili yawafikie na ndugu zetu wa Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh wasiohudhuria usiku ule. Mtu huyo ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui ambao zamani ulitawala mji huo, hata ulipoondolewa na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1837. Utawala ulipowatoka mikononi, wengi katika ukoo huo waliishika elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyesoma Makka, na aliyeonja kifungo huko Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Baba huyo alifariki mwaka 1894, naye mtoto hata hajafikia umri wa kutiwa chuoni. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, akasoma kwake Qur'ani, fiqihi na lugha ya Kiarabu. Kisha akavuka kwenda Unguja, ambako siku zile ndiko kulikokuwa na bahari ya elimu ya pwani yetu, akakaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tangu mwanzo tufahamu jambo hili: mtu huyu hakuwa mgeni katika dini aliyetekwa na mambo mapya. Alilelewa ndani ya vitabu vyetu vya kale.

Lakini kulikuwa na vitabu vingine alivyovisoma. Kutoka Misri lilikuwa likija jarida la Al-Manar, lililoanzwa na Sheikh Rashid Ridha mjini Cairo mwaka 1898, na ndani yake mlikuwa na mafunzo ya mwalimu wake, Sheikh Muhammad Abduh. Hao walikuwa wakiwauliza Waislamu suali chungu: kwa nini umma uliotangulia katika utabibu, hesabu na elimu ya nyota umekuwa nyuma ya watu wote? Na jawabu yao ilikuwa kwamba kosa si la dini. Kosa ni la watu walioiacha akili ambayo dini yenyewe imewaamrisha kuitumia. Sheikh Al-Amin aliposoma maneno hayo kisha akautazama mji wake wa Mombasa, aliyaona kwa macho yake.

Aliona nini? Tangu mwaka 1895 nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na mtoto aliyeingia humo alifundishwa herufi na hesabu pamoja na dini ya wenye skuli. Wazazi wa Kiislamu wakaogopa, wakawazuia watoto wao. Tusiwacheke wazee hao, kwani khofu yao haikuwa ya bure. Wapo watoto walioingia na majina ya baba zao wakatoka na majina mengine. Serikali ilifungua skuli ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, lakini skuli moja haiwezi kuutosha umma. Watoto wa Waislamu wakabaki chuoni, wakiyumba juu ya juzuu zao na kuhifadhi maneno ambayo wengi wao hawakuelezwa maana yake hata walipokuwa watu wazima. Na huku ukarani, ualimu na uganga wa hospitali ukashikwa na waliosomeshwa na misheni. Hali hiyo ilipanda reli ikaja mpaka bara. Wazee wetu wa Pumwani, walioletwa katika mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi, walikuja na misikiti yao na vyuo vyao, na walikuja na khofu ile ile.

Hapo ndipo Sheikh Al-Amin alipotoa rai iliyowaudhi watu wa pande mbili. Wale waliosema kwamba elimu ya kisasa ni ukafiri aliwajibu kuwa elimu haina kabila wala dini. Ni mali ya Mwenyezi Mungu, na Waislamu waliwahi kuishika wakawafunza wengine. Dawa ya skuli inayomharibia mtoto dini yake si ujinga, bali ni skuli nyingine iliyo njema, inayojengwa kwa mali ya Waislamu wenyewe. Na wale vijana waliodhani kuwa kuendelea ni kuvaa na kuishi kama Mzungu aliwakemea vile vile. Aliwaonyesha kuwa wameyachukua maganda wakaliacha tunda, kwani Wazungu hawakupata nguvu kwa mavazi wala kwa michezo, walizipata kwa elimu, kwa umoja na kwa kazi. Anayeiga mavazi bila ya kuisaka elimu amepoteza mara mbili.

Ili maneno yake yafike kwa watu wa kawaida, mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo kwa Kiswahili, akaiita Sahifa. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alizungumza juu ya elimu, juu ya malezi, juu ya ufujaji wa mali katika harusi na matanga, na juu ya uzushi uliovishwa nguo ya dini. Kila mzazi aliyelalamika kuwa hana uwezo wa kumsomesha mwanawe alitakiwa ajiulize alitumia kiasi gani katika karamu iliyopita. Baadaye makala hayo yalikusanywa katika kitabu, kikaitwa Uwongozi, kilichochapishwa mwaka 1944. Magazeti hayakuishi miaka mingi, kwani gazeti la mtu mmoja ni mzigo mzito. Lakini kitabu kimebaki.

Jambo la pili alilolifanya ni kuandika mafunzo ya dini kwa Kiswahili. Leo hatuoni ajabu, lakini wakati ule walikuwapo walioona kuwa elimu ya dini haistahiki ila kwa Kiarabu. Yeye aliona kwamba mtu asiyeifahamu dini yake ni mwepesi kutolewa humo na yeyote mwenye ulimi. Tafsiri ya Qur'ani ya Kiswahili iliyokuwa mikononi mwa watu ilikuwa ni ile ya padre Godfrey Dale, ya mwaka 1923, iliyoandikwa na mtu asiyeiamini Qur'ani. Sheikh Al-Amin akaanza kazi ya kuitafsiri na kuisherehesha mwenyewe, na mauti yakamkuta hajaimaliza.

Jambo la tatu ni Madrasatul Ghazali, aliyoianzisha Mombasa katika miaka ya 1930. Na hebu tulitafakari jina hilo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ndiye aliyeandika katika Ihya kwamba utabibu na hesabu ni faradhi ya kutoshelezana, na umma usipokuwa na wenye kuzijua, wote hupata dhambi. Tena alisikitika kwamba miji mingi ya Waislamu haikuwa na matabibu ila wa dini nyingine, hali watu wanarundikana katika fiqihi kwa sababu ndiyo inayoleta vyeo. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia tisa. Atakayesema kuwa elimu ya dunia ni bidaa iliyoletwa na wakoloni, basi na aanze kwa kumjibu Ghazali.

Na wala hakuwatenga watoto wa kike. Alitaka wasomeshwe, kwani mama ndiye skuli ya kwanza ya kila mtu, na mama mjinga hurithisha ujinga wake. Rai hii nayo ilimletea maneno mengi.

Mwaka 1932 aliwekwa kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hakikumnyamazisha, wala hakikumwachisha darsa. Alifariki mwaka 1947, na umri wake haujatimia miaka sitini.

Mti hujulikana kwa matunda yake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Qasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 mpaka 1968, na baada yake akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu wa skuli kwa kazi yake, aliyefuata mwendo huo huo, na ambaye tafsiri yake ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969. Na Sheikh Al-Amin mwenyewe hakuwahimiza wenzake tu huku akimficha mwanawe. Mtoto wake, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alimtia skuli Mombasa, na huku akitumai kuwa baadaye atakwenda Al-Azhar. Mtoto huyo alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Mwenyezi Mungu alimpeleka njia nyingine: Manchester, Columbia na Oxford, kisha akawa profesa Makerere na Marekani. Watu walikhitilafiana naye katika mengi, lakini aliutetea Uislamu mbele ya walimwengu kwa lugha wanayoifahamu, na alipofariki mwaka 2014 akarudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya wazee wake.

Sasa, ndugu zangu, nina deni la kulilipa. Miaka kumi na mitano iliyopita baba mmoja wa mtaa wetu alinijia kuniuliza kama amwendeleze bintiye katika skuli ya sekondari. Binti yule alikuwa wa mbele skuli, na wa mbele vile vile katika madrasa yetu. Nikamwambia yule baba kwamba alichosoma kinamtosha, na kwamba usalama wa dini yake ni kukaa nyumbani. Baba alinisikiliza kwa sababu ya kilemba changu. Wakati huo kitabu cha Uwongozi kilikuwa juu ya rafu yangu, nami nilikuwa nimekisoma. Mwezi uliopita yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, alinijia kwa heshima, wala hakunilaumu. Alisema bintiye mwenyewe anakaribia kumaliza skuli ya msingi, na mumewe anataka kumwachisha hapo. Akaniomba nimwambie mumewe haya ninayoyafundisha darsani siku hizi, nisimwambie niliyomwambia baba yake.

Nilikwenda usiku ule ule. Mume alinisikiliza, akasema atafikiri. Bado ninamwendea.

Basi kijana uliyeuliza, jawabu yangu ni hii: rudi skuli, na uje darsa. Ukifundishwa jambo linalokutatiza, usilifiche moyoni likaoza. Lilete hapa tulitazame pamoja, na likitushinda tutawauliza wanaojua zaidi yetu. Imani inayoogopa suali haijasimama bado. Nanyi wazazi, msimchagulie mtoto jicho moja na Mola wake amempa mawili. Nasi tunaovaa vilemba tuogope kutoa fatwa kwa sababu ya woga wetu kisha tukaiita dini, kwani mwenye kuulizwa ataulizwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, ailaze roho yake mahali pema, atusamehe makosa tuliyowatendea watoto wetu kwa nia njema na elimu chache, na atujaalie tuyatengeneze kabla ya kufa. Amin.