Askofu James Hannington na kuvumwani ya Afrika Mashariki

Askofu James Hannington anafahamika zaidi kwa kuuawa kwake Busoga, Uganda, tarehe 29 Oktoba, 1885. Mchango wake katika elimu ya mimea ya nchi ambayo leo ni Tanzania haufahamiki sana.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza, akasoma Oxford na kuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Katika kijiji hichohicho aliishi William Mitten, mfamasia aliyekuwa bingwa wa kuvumwani, yaani mimea midogo ya kijani isiyo na maua ambayo hufunika mawe na magome ya miti penye unyevu.

Mwaka 1882 Hannington aliwasili Zanzibar akiwa mmisionari. Alivuka hadi Saadani, akapita Mpwapwa na Uyui, karibu na Tabora, kuelekea Ziwa Victoria. Ugonjwa wa kuhara damu ulimdhoofisha hata akabebwa kwa machela, na mwaka 1883 alirejea kwao. Mwaka 1885 alirudi akiwa Askofu, akatembelea Kilimanjaro, kisha akashika njia ya Busoga kupitia nchi ya Wamasai. Huko aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Katika safari zake alikusanya kuvumwani, na sampuli hizo zilimfikia Mitten. Kuvumwani iliyokaushwa ikilowanishwa hurejea umbo lake hata baada ya miaka. Kwa hiyo Mitten aliweza kuchunguza majani na vifuko vya spora kwa hadubini na kuvilinganisha na spishi zilizojulikana. Zile ambazo hazikufanana na yoyote alizipa jina na maelezo ya Kilatini. Mwaka 1886, Hannington akiwa ameshafariki, Jumuiya ya Linnaeus ya London ilichapisha kazi hiyo yenye spishi mpya kwa sayansi.

Sampuli iliyotumika kuelezea spishi kwa mara ya kwanza ndiyo kipimo cha jina lake. Mitten alifariki mwaka 1906 na makusanyo yake yakanunuliwa na Bustani ya Mimea ya New York. Ndiyo maana mtaalamu anayetambua kuvumwani iliyookotwa leo Mugumu au Mpwapwa huhitaji pia kurejea sampuli za karne ya 19 zilizohifadhiwa nje ya nchi.