Maisha ya Benjamin Franklin wa Philadelphia

Katika taarifa hii twaona yafaa tukumbuke maisha ya Benjamin Franklin, aliyejua kuunganisha raia, wafanya biashara na serikali katika kazi moja.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, mwana wa mtengeneza sabuni na mishumaa. Aliacha shule akiwa na miaka 10, akajifunza kazi ya kupiga chapa, na mwaka 1723 akahamia Philadelphia. Mwaka 1727 alikusanya mafundi na makarani wenzake, wakawa wakikutana kila Ijumaa jioni kushauriana mambo ya kuwafaa wao na mji wao. Kutokana na mashauri hayo ilianzishwa maktaba mwaka 1731, ambayo watu 50 wa kwanza walitoa shilingi 40 kila mmoja.

Kazi kubwa ilikuja mwaka 1751. Rafiki yake, Daktari Thomas Bond, alitaka hospitali ya wagonjwa maskini, lakini michango haikutosha. Franklin akapeleka ombi kwenye Baraza la jimbo. Wajumbe wa shamba walisita, kwa kuwa waliona itawafaa watu wa mjini tu, tena wakashuku kama hao wenyewe wataichangia. Franklin hakugombana nao. Alitunga sheria yenye sharti: raia wakichanga pauni 2,000, serikali nayo itatoa pauni 2,000. Wajumbe walikubali, wakidhani ahadi hiyo haitawagharimu kitu. Kumbe kila mchangaji aliona pauni yake yazaa ya pili, na michango ikazidi kiasi kilichotakiwa. Wachangaji walichagua wasimamizi miongoni mwao, na mwaka 1752 wagonjwa wakaanza kupokewa. Hospitali hiyo ingalipo hata leo.

Hatusemi kwamba hakuwa na doa. Alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na Februari 1790 alitia sahihi ombi la jambo hilo kwa Bunge. Bunge halikulitimiza. Alifariki Aprili mwaka huo huo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi twendapo kuomba msaada wa serikali au wa wenye maduka, tusiende mikono mitupu. Twende na michango yetu na daftari zetu za hesabu, wapate kuona kwamba sisi wenyewe tumekwisha kuanza.