Moshoeshoe na Barua ya Usiku wa Manane

Kusini mwa Afrika, katika nchi ya milima iitwayo Lesotho, alizaliwa karibu na mwaka 1786 mtoto wa jumbe mdogo aitwaye Mokhachane. Mtoto huyo ndiye Moshoeshoe. Wazee wa Wasotho husimulia ya kuwa katika ujana wake alikuwa mwepesi wa hasira kupita kiasi, hakuweza kuvumilia neno la kupingwa, hata akaua watu kwa makosa madogo. Basi akapelekwa kwa Mohlomi, mzee aliyesifiwa kwa hekima. Kijana alitaka dawa ya kumpatia ukuu. Mzee akamjibu kwamba dawa ya namna hiyo haiko. Atakaye kutawala watu na autawale kwanza moyo wake.

Maneno hayo hayakupotea. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake juu ya mlima Thaba Bosiu, na mwaka 1831 jeshi la Mzilikazi lilikuja kuwashambulia huko. Likapigwa kwa mawe na mikuki, likarudi nyuma. Moshoeshoe akalipelekea ng'ombe wanono, pamoja na ujumbe kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta, basi wale njiani. Huenda mtu akadhani huo ni woga. Lakini mwoga hampi zawadi adui aliyekwisha kushindwa. Jeshi lile halikurudi tena.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja Desemba 1852. Jenerali Cathcart, Gavana wa Cape, alifika na askari na mizinga, akadai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kwa siku tatu tu, kwa ajili ya ugomvi wa wizi wa mifugo. Moshoeshoe alimwendea mwenyewe. Hakujibu ukali kwa ukali. Alimsihi asitaje vita, kisha akamwonya kwa upole kwamba hata mbwa akipigwa huonyesha meno. Siku ya mwisho alikuwa amepeleka ng'ombe 3,500 tu, maana watu hawakutaka kutoa zaidi.

Tarehe 20 Desemba Waingereza wakaingia vitani. Waliteka ng'ombe maelfu, lakini walikutana na wapanda farasi wengi wasiowatazamia, wakapoteza askari zaidi ya thelathini. Jioni Gavana alikuwa katika shida: kuendelea ni hatari, na kurudi ni aibu.

Moshoeshoe aliitambua shida hiyo. Watu wake walikuwa na furaha ya vita, naye angeweza kujisifu. Badala yake, usiku wa manane, aliandikisha barua. Alimwambia Gavana kwamba amekwisha kuonyesha nguvu zake, ametoa adhabu, na ng'ombe amepata. Basi na yatoshe. Akaomba asihesabiwe tena kuwa adui wa Malkia, akaahidi kujitahidi kuwatuliza watu wake. Hakutaja hata kidogo askari waliouawa. Kwa barua hiyo alimpa mwenziwe mlango wa kutokea bila kuinamisha kichwa.

Cathcart aliipokea barua, akatangaza kwamba ameridhika, akaondoka na jeshi lake.

Vita vingine vilifuata, na Makaburu, navyo vilimwumiza Moshoeshoe sana, hata mwaka 1868 nchi yake ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa ombi lake. Alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya Thaba Bosiu.