Cedric Gibbons: jina moja kwenye filamu 1,500

Abiria anayeingia Kigali kwa basi kutoka Rusumo au Kagitumba hupita Kabuga, Kanombe na Giporoso, kisha Remera, kabla hajaufikia mji wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1949 Remera haikuwa mtaa wa mji. Kigali yenyewe ilikuwa kituo kidogo cha utawala wa Wabelgiji. Wakati huo msafara wa kampuni ya filamu ya Marekani, MGM, ulikuwa ukizunguka ukanda huu na kamera zake: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Leo nchi hizo zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huku Rwanda picha zilipigwa upande wa Astrida, mji ambao sasa ni Huye.

Filamu hiyo iliitwa King Solomon's Mines, na ilitoka mwaka 1950. Katika orodha ya walioitengeneza limo jina la mtu ambaye meza yake ilikuwa mbali, Culver City, California. Ni Cedric Gibbons, mkuu wa idara ya sanaa ya MGM.

Kazi yake ilikuwa kuamua mtazamaji aone nini nyuma ya mwigizaji: nyumba iweje, barabara ielekee wapi, kiti kiwe cha aina gani, ukuta upakwe rangi ipi. Baba yake alikuwa msanifu majengo, na kijana alijifunza kuchora ramani za nyumba kabla ya kuingia studio ya Edison mwaka 1915. Siku hizo kabati na dirisha mara nyingi vilichorwa tu kwenye turubai. Gibbons alikuwa miongoni mwa waliotaka vitu halisi vyenye kina, vinavyoweza kuzungukwa na kamera.

MGM ilipoundwa mwaka 1924, alipata mkataba ambao mfanyabiashara yeyote angeuonea wivu. Kila filamu ya kampuni hiyo itakayouzwa Marekani ingebeba jina lake, awe ameigusa au hajaigusa. Alikaa hapo hadi 1956, na filamu zenye jina lake zikafika takriban 1,500. Kwa miaka 32, hiyo ni karibu filamu moja kila wiki, na hakuna binadamu awezaye kuchora kiasi hicho. Waliochora na kujenga ni wengi waliokuwa chini yake. The Wizard of Oz ya mwaka 1939, kwa mfano, inamdai sana William Horning. Ni kama gunia la kahawa: wakulima mia wamelijaza, lakini chapa iliyopigwa juu ni ya msafirishaji mmoja.

Hata hivyo si haki kumwita mwizi. Aliipa MGM sura ambayo watu waliitambua kabla ya kusoma jina la kampuni. Our Dancing Daughters ya 1928, yenye kuta nyeupe na samani za mistari iliyonyooka, iliwaonyesha Wamarekani mtindo ambao wengi wao hawakuwa wameuona. Nyumba yake mwenyewe huko Santa Monica, alikoishi na mkewe wa kwanza, mwigizaji Dolores del Río wa Mexico, ilijengwa kwa mtindo huohuo.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote haina hata jina lake. Alikuwa mmoja wa waasisi 36 wa chuo cha filamu cha Marekani mwaka 1927, na yeye ndiye aliyechora tuzo yake: mtu aliyeshika upanga, amesimama juu ya gurudumu la mkanda wa filamu. Mchongaji George Stanley akaifinyanga, na tuzo za kwanza zikatolewa mwaka 1929. Ndiyo Oscar. Gibbons mwenyewe aliipata mara 11.

Na Afrika? Kwa miaka mingi idara yake iliijenga Culver City, jinsi ilivyojenga Paris na miji mingine. Mwaka 1929 MGM ilikuwa imewahi kutuma watu Kenya, Uganda na Kongo kupiga Trader Horn, hadithi ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu, na vipande vilivyobaki vikapachikwa katika filamu ya kwanza ya Tarzan ya kampuni hiyo, mwaka 1932. Iliyofuata, ya mwaka 1934, ilitoka kwa jina la Gibbons kama mwongozaji, mara yake pekee. Katika filamu hizo walitumia tembo wa Kihindi waliovalishwa masikio makubwa ya bandia ili waonekane wa Kiafrika. Anayefahamu cheti cha uasili wa bidhaa atacheka, lakini mzigo ule ulipita na kununuliwa dunia nzima.

King Solomon's Mines ilikuwa kinyume chake. Kilichowavutia watazamaji hakikutoka karakana ya Gibbons: yalikuwa maporomoko ya Murchison, wanyama wenyewe, na ngoma ya Wanyarwanda. Wanyarwanda watatu walitajwa kati ya waigizaji, kila mmoja kwa jina moja tu: Siriaque aliyekuwa Umbopa, Baziga aliyekuwa mfalme Twala, na Sekaryongo aliyekuwa Gagool. Kwenye filamu ileile jina la Gibbons limeandikwa kwa ukamilifu, kama mkataba ulivyotaka.

Mwaka 1951 filamu ilipata Oscar mbili, moja ya upigaji picha kwa Robert Surtees, nyingine ya uhariri. Ya ubunifu wa mandhari ilikwenda kwa filamu nyingine. Lakini sanamu walizobeba washindi zilikuwa za mchoro wa Gibbons.

Alistaafu mwaka 1956 na kufariki Los Angeles tarehe 26 Julai 1960. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, MGM ilitoa filamu iitwayo Watusi, ikitumia tena picha zilizopigwa na msafara ule wa 1949. Wacheza ngoma wa Rwanda wakaonekana upya sinema za Marekani, katika hadithi nyingine, bila mtu kurudi Astrida.