John Boyd Dunlop: daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye gurudumu

Tairi jipya linapogoma kuingia kwenye ringi, fundi baiskeli mzoefu wa Magu, Misungwi au Sengerema haogopi. Anaweka bisibisi kando, anatumia vidole gumba, na tairi linaingia. Mbinu hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 130, na historia yenyewe inaanza na mtu ambaye jina lake wengi wenu mmeliona limeandikwa ubavuni mwa tairi: Dunlop. Katika makala hii tunakueleza alikuwa nani, alifanya nini, na kwa nini tairi lake la kwanza lingekutesa kama ungepata pancha njiani.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, kwenye familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo Edinburgh, na mwaka 1867 akahamia Ireland. Baadaye alifungua ofisi yake katika mji wa Belfast, akawa anatibu farasi wakati ambapo farasi ndiye aliyekuwa akivuta karibu kila mzigo wa mjini. Hakuwa mhandisi, wala hakuwa mwendesha baiskeli.

Mwanawe Johnnie alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu ya siku hizo yalikuwa na mpira mgumu usio na upepo, na barabara za Belfast zilikuwa za mawe. Mtoto alitikiswa mno. Mwaka 1887 Dunlop alichukua mpira mwembamba, akautengeneza kuwa bomba, akaufunga kwa kitambaa kuzunguka duara la mbao, kisha akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Uani kwake aliviringisha gurudumu hilo pamoja na gurudumu la mpira mgumu. Lile gumu lilikwenda kidogo likaanguka. Lenye upepo lilivuka ua mzima likagonga geti na kurudi.

Mwaka 1888 alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasimwigize. Tarehe 18 Mei 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume aliingia kwenye mashindano mjini Belfast na matairi hayo manene. Watu waliyacheka, lakini Hume alishinda. Mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye wanawe walikuwa waendesha baiskeli wa mashindano, aliona kilichotokea. Mwaka huohuo kampuni ilianzishwa Dublin, na Dunlop akaikabidhi hataza yake, akapewa hisa.

Mwaka 1890 likaja pigo. Ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya gurudumu la upepo tangu mwaka 1845, karibu miaka 43 kabla ya Dunlop. Thomson alilitengeneza kwa ajili ya magari ya farasi, enzi ambazo baiskeli ya kukanyaga haijaenea na mpira ulikuwa ghali, kwa hiyo wazo lake lilisahaulika. Lakini kisheria hataza ya Dunlop ilikuwa imekufa. Kampuni ilibaki na jina na kiwanda, ila haikuwa tena na kinga.

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili ndilo linalomhusu mtu mwenye baiskeli kijijini. Tairi la Dunlop halikuwa la kuvua na kuvaa. Kitambaa chake kilizungushwa kwenye ringi na kugandishwa kwa gundi. Mwaka 1891, huko Clermont-Ferrand nchini Ufaransa, baiskeli yenye tairi la namna hiyo lililotoboka ilifikishwa kwenye kiwanda cha ndugu wa Michelin. Kulitoa na kuliziba kulichukua karibu saa tatu, kisha gundi ikaachwa usiku mzima ikauke. Hebu fikiria mchuuzi wa dagaa mwenye pancha kati ya Igombe na mjini, jua limeshatoka, akiambiwa asubiri hadi kesho.

Dawa ilikuwa imeshapatikana Uingereza. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alitia waya usiovutika kwenye kila ukingo wa tairi. Duara la waya huo ni dogo kuliko kingo za nje za ringi, kwa hiyo tairi likijaa upepo haliwezi kuchomoka. Sasa litaingiaje? Welch alitengeneza ringi yenye bonde katikati. Sehemu moja ya waya ikizama bondeni, sehemu ya upande wa pili inalegea na kupata nafasi ya kuvuka ukingo. Kampuni iliinunua hataza ya Welch, na hiyo ndiyo iliyoiokoa.

Kanuni hiyo bado inafanya kazi kwenye ringi yako. Tairi likibana, fuata hatua hizi. Kwanza kagua utepe unaofunika vichwa vya spoki. Ukiwa mnene au umejikunja, unajaza bonde na kukunyima nafasi. Tia tyubu upepo kidogo tu ili iwe na umbo. Upande wa kwanza wa tairi ukishaingia na tyubu ikishakaa, anza kuvisha upande wa pili kutokea mahali palipo mbali na valvu. Kila unapopita, bana tairi kwa viganja ili waya uzame bondeni. Malizia kwenye valvu, kwa sababu hapo shina la valvu linaziba bonde, na ukianzia hapo utakwama upande mwingine. Ukimaliza, isukume valvu ndani kidogo ili tyubu isibanwe na waya, zungusha gurudumu ukikagua pande zote, ndipo upige pampu. Ukilazimisha kwa bisibisi, unaweza kuitoboa tyubu uliyotoka kuiziba.

Tairi jembamba la baiskeli ya mashindano, kama zinazotumika kwenye mbio za baiskeli hapa Kanda ya Ziwa, mara nyingi hubana kuliko lile la Phoenix ya kubebea mzigo. Hata hivyo dawa ni ileile: tafuta nafasi bondeni kabla ya kutumia nguvu.

Matairi ya upepo yaliongeza sana hitaji la mpira duniani, na gharama yake iliifikia Afrika. Nchini Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, wanavijiji walilazimishwa kukusanya mpira wa porini. Walioshindwa kutimiza kiwango waliadhibiwa kikatili. Vijiji vilichomwa na watu wengi walikufa.

Dunlop mwenyewe hakutajirika kwa kadiri ambavyo jina lake lingekufanya udhani. Alijitoa kwenye kampuni katikati ya miaka ya 1890. Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3, na muda mfupi baadaye ikauzwa tena kwa umma kwa pauni milioni 5, yeye akiwa hayumo. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81.

Jina la Dunlop limebaki ubavuni mwa matairi, la Welch wengi hatulijui. Siku nyingine ukivua tairi, pitisha kidole katikati ya ringi, bonde utakaloligusa ni kazi yake. Na kama fundi wa kijijini kwenu ana mbinu nyingine ya tairi linalobana, tutumieni ujumbe, nasi tutaisoma hewani.